UZI: Wakili "anayeongea" anashinda kesi kweli au tunauziwa kelele? Wa Kigoma na Tabora njooni

MwishoWaReli

Wakuu salama?

Mimi nina kasteshenari jirani na mahakama hapa Kigoma mjini, nachapa viapo, natoa kopi, nagonga baindingi, kwahiyo watu wenye kesi ndo wateja wangu wa kila siku. Sasa kuna kitu nimekiona na kinanikera kiasi chake. Mtu akitafuta wakili haulizi huyu mtu kesi za ardhi anazijua, haulizi anafika kwa wakati, swali lake la kwanza ni moja tu, "anaongea?" Basi. Yule anayepandisha sauti mpaka walioko nje kwenye mabenchi wanageuka ndo anaitwa kichwa, na yule anayeuliza taratibu akikaa chini mteja anaanza kunong'ona kwamba tumepigwa.

Nikawa nasoma soma kuhusu hili jambo. Wenzetu Marekani wamelichimba sana maana kule kesi kubwa inaamuliwa na juri, yaani raia wa kawaida, mara nyingi 12, mwalimu, fundi bomba, mama wa nyumbani, wanasikiliza wee halafu wanaingia chumbani wanatoka na jibu bila kutoa sababu. Kwahiyo swali la jinsi wakili anavyoongea kwao ni swali la hela na la uhai wa watu.

Kuna utafiti wa 1996 wa Hahn na Clayton, watu walipewa maelezo ya kesi ya kushambulia na kuiba kwa nguvu, wakasikilizishwa sauti ya wakili wa utetezi anamhoji shahidi. Kesi ile ile. Kundi moja wakili mkali, kundi lingine wakili mpole, mwanaume kwa wengine, mwanamke kwa wengine. Matokeo? Wakali walifanikiwa zaidi kumtoa mteja kuliko wapole. Na mawakili wanaume walifanikiwa kuliko wanawake (hapo akina dada najua mtakuja).

Kwahiyo mtaa una hoja, siwezi kukataa. Ila nikiendelea kusoma nikaona ukali ni kipande kidogo sana cha mambo, na kwa mfumo wetu wa Tanzania nadhani ni kidogo zaidi. Msimamo wangu nauweka hapa mapema ili msiniulize mwishoni: hela unayompa wakili kwa ajili ya sauti yake, ungempa akae na mashahidi wako nusu siku ungekuwa mbali. Karibuni mnipinge.

DagaaWaKibirizi

Nawahi siti ya mbele, wasomi waje 😂

kauzu_wa_mwanga

Mkuu unapoteza muda. Kesi ni pesa. Mengine yote porojo.

MwishoWaReli

@kauzu hiyo inafungua uzi wake, fungua tutakuja. Hapa tunaongelea mdomo.

Mnyamwezi_Original

Nipo Tabora hapa nasoma huku nakula muhogo. Mleta mada unaongea kama hujawahi kusikia kesi ya O.J. Simpson. 1995, Los Angeles, jamaa kashtakiwa kuua mke wake wa zamani na kijana mwingine, ushahidi wa damu umejaa kila kona, upande wa mashtaka wakajichanganya wakamwambia avae mbele ya juri glavu zilizookotwa, moja eneo la tukio na nyingine nyumbani kwake, hazikumwingia vizuri. Kaja wakili wake Johnnie Cochran kwenye majumuisho akatoa sentensi yenye vina, kwamba kama glavu haikai basi muachieni. Juri wakakaa chini ya masaa manne tu baada ya kesi ya miezi, wakatoka, hana hatia. Sasa niambie hapo mdomo haukufanya kazi?

Na vina vyenyewe vimefanyiwa utafiti. 2000 kuna McGlone na mwenzake waliwapa watu misemo, mingine ina vina mingine imeondolewa vina lakini maana ni ile ile, watu wakaona yenye vina ni ya kweli zaidi. Sisi tuliokulia kwenye methali na mashairi ya tarabu ndo usiseme, ukinipigia methali nzuri mimi nishakubali kabla sijafikiri.

Msomi_wa_Gungu

Mnyamwezi umeelezea vizuri ila umeruka mambo. Cochran hakuanza na vina. Kabla ya ile sentensi upande wa utetezi ulikuwa umeshatumia miezi kuonyesha sampuli za damu zilishikwa hovyo, na yule mpelelezi aliyedai kuokota glavu ya nyumbani kwa Simpson alikuwa amesema kiaponi kwamba kwa miaka kumi hajatumia lile tusi la kibaguzi dhidi ya weusi, zikaja kanda za sauti zikamuumbua. Vina vilikuja kufunga mzigo ambao tayari umepangwa. Na umesahau kwamba 1997 kwenye kesi ya madai juri jingine lilimkuta anawajibika kwa vile vifo, akaambiwa alipe dola milioni 33.5. Kiwango cha kuthibitisha ni tofauti, ila glavu ni ile ile.

Pia soma mwisho wa huo utafiti wa vina, walipowaambia watu watenganishe uzuri wa sentensi na maana yake, ile nguvu ya vina ilipungua. Jaji kazi yake ya kila siku ni hiyo hiyo ya kutenganisha.

Mimi ni wakili (msiniulize ofisi). Niongeze kitu kwa mleta mada. Kalven na Zeisel, 1966, walichukua kesi 3,576 za juri Marekani wakawauliza majaji waliosimamia, wewe ungeamuaje? Karibu asilimia 78 jaji na juri walikubaliana. Kwahiyo hata kule kwenye raia wa kawaida wasiosomea sheria, mara nyingi sana ushahidi ndo unaongea. Mdomo wa wakili unapata nafasi pale ushahidi umelingana, kesi iko katikati, inaweza kwenda huku au kule. Hapo ndo sisi tunapolipwa.

Mnyamwezi_Original

Sawa msomi, umenibana. Lakini kesi nyingi si ndo ziko katikati? 😅

BintiUjiji

Nimekuja kwa ajili ya ile sentensi ya akina dada.

Dada yangu alikuwa na kesi ya mirathi, wakili wake mwanamke, mtu wa kazi kweli kweli. Wakili wa upande wa pili mwanaume alikuwa anapaza sauti, anakatiza, anarusha mikono, ndugu zetu wenyewe wakitoka nje wanasema "yule baba ni moto". Siku wakili wetu naye akapandisha kidogo tu, kidogo, wajomba wale wale wakasema "huyu mama ana mdomo". Kitendo kimoja, majina mawili. Sasa wakili mwanamke afanyeje? Akiwa mpole hana kitu, akiwa mkali hana adabu.

Msomi wa Gungu usinijibu kwa takwimu nakuomba 😂

Msomi_wa_Gungu

Sijibu kwa takwimu dada. Ni kweli. Nina wenzangu wanawake naona wanavyohesabu kila sentensi kabla hawajasimama. Walioiva ninaowajua hawapandishi sauti kabisa, wanafupisha swali. Maneno matano, shahidi anabaki anatafuta pa kutokea.

MwishoWaReli

Hapo kwenye kufupisha swali ndo nataka niingilie maana ndo moyo wa uzi.

Miaka ya 70 jamaa wa chuo kikuu cha Duke, William O'Barr na wenzake, walikwenda mahakamani Durham, North Carolina, 1974 wakarekodi kesi halisi masaa na masaa. Wakakuta kuna watu wanaongea kwa mtindo wa kujishusha, "nafikiri", "kama vile", "labda", kigugumizi cha hapa na pale, sauti inapanda mwishoni kama mtu anauliza wakati anajibu, na adabu nyingi bwana, bibi. Na kuna wanaonyoosha. Wakachukua ushahidi mmoja, mambo yale yale hata nukta haijabadilika, wakaigizwa kwa mitindo miwili, watu wakasikiliza. Aliyenyoosha alionekana mkweli zaidi, mwenye akili zaidi, wa kuaminika zaidi. Mwanaume kwa mwanamke.

Sasa wakuu niambieni, hapa kwetu mtu mzima kutoka Buhigwe au Kibondo akiitwa mbele ya mheshimiwa anaongeaje? Macho chini, mikono nyuma, "labda mheshimiwa", "kama sikosei mheshimiwa", "wenyewe ndo wanajua". Hiyo kwake ni ADABU. Amelelewa kwamba mbele ya mkubwa husemi kama umekata shauri. Na akiingia kizimbani adabu ile ile inamgeuka, anaonekana hajui anachosema au anaficha.

Nilikaa nyuma siku moja kwenye kesi ya mpaka wa shamba, mzee akaulizwa na wakili wake mwenyewe:

— Mpaka wenu na mlalamikiwa uko wapi?
— Nafikiri ni pale kwenye mchikichi, mheshimiwa.
— Unafikiri au unajua?
— Eeh, si ndo pale tunasemaga.

Huyo mzee anaujua ule mchikichi kuliko anavyojua namba ya simu yake. Nje nikamuuliza kwa kirafiki tu, akanijibu bila kupumua: mchikichi wenye kovu la moto upande wa ziwani, baba yake aliuchoma kwa bahati mbaya akisafisha shamba, na kutoka hapo unahesabu hatua mpaka kwenye kijito. Yote hayo yamebaki nje kwenye benchi. Hayapo kwenye mwenendo wa kesi, yaani yale maandishi ya mahakama.

DagaaWaKibirizi

Daah hiyo imeniuma. Kovu la moto lote hilo limeachwa nje.

kauzu_wa_mwanga

Kwahiyo wakili amfundishe shahidi uongo. Ndo mnachosema.

Msomi_wa_Gungu

Hapana kauzu, na hii naisema kwa herufi kubwa: KUMFUNDISHA SHAHIDI CHA KUSEMA NI KOSA. Kumwandaa ni kitu kingine. Kumwandaa ni kumwambia hivi: utaapa, utasimama pale, nitakuuliza maswali yasiyokuwekea jibu mdomoni maana sheria hainiruhusu kumuongoza shahidi wangu mwenyewe kwenye mambo yanayobishaniwa. Wakili wa upande wa pili yeye kwenye maswali ya dodoso anaruhusiwa kukuwekea maneno, atakwambia "si kweli kwamba hukuwepo?", usikubali kwa heshima kitu ambacho si kweli. Kama unajua sema najua. Kama hujui sema sijui. Kile ulichokiona kwa macho kitenge na ulichosimuliwa. Nusu siku inatosha kabisa, mleta mada yuko sahihi, na wateja wengi hiyo nusu siku hawataki kuilipia ila jioni moja ya kelele wanalipa.

Na jambo la kalamu. Ngoja niliseme maana nje ya ofisi zetu halisemwi. Sehemu nyingi huku hakimu anaandika kwa mkono. Yeye ndo karani wa masikio yake. Wakili anayeporomosha maneno kama mvua ya Machi hakimu anaandika nusu, anachoka, anafupisha. Mimi nikimhoji shahidi jicho moja liko kwenye kalamu ya mheshimiwa. Kalamu ikisimama, naendelea. Kalamu ikikimbia, nakaa kimya. Maana ukikata rufaa majaji wa juu hawatakusikia unavyounguruma, watasoma karatasi. Ile sauti nzuri yote iliishia kwenye dari ya chumba cha mahakama Kigoma, kilichopanda juu ni maandishi.

Mnyamwezi_Original

Hii ya kalamu sijawahi kuifikiria aisee. Juri wa Marekani anaondoka na picha kichwani, hakimu wetu anaondoka na daftari.

MwishoWaReli

Haswaa. Na inabidi aandike hukumu yenye sababu. Huwezi kuandika kwenye hukumu "wakili wa utetezi alinguruma vizuri".

Mzee_wa_Bangwe

Wanangu, nimeusoma uzi huu nimeona nami niseme kidogo. Nimekuwa mzee wa baraza kwa miaka mingi, mahakama ya mwanzo, na baadaye nikaitwa mara kadhaa kwenye vikao vya Mahakama Kuu enzi zile jaji alipokuwa anakuja Kigoma kutoka Tabora kusikiliza kesi za mauaji.

DagaaWaKibirizi

Shikamoo mzee. Tunakusikiliza.

BintiUjiji

Shikamoo babu 🙏

Mzee_wa_Bangwe

Marahaba wajukuu.

Sisi ndio tulikuwa karibu zaidi na hiyo juri mnayoisema, ingawa si sawa. Mahakama ya mwanzo mawakili hawakuwa wakiruhusiwa enzi zetu, kwa hiyo mdomo niliousikia pale ni wa wenye kesi wenyewe. Na kura zetu zilihesabika pamoja na ya hakimu. Mahakama Kuu tulikuwa tunasikiliza, mwishoni jaji anatufupishia kesi na sheria yake, kisha kila mmoja anasimama anatoa maoni yake, na jaji halazimiki kuyafuata. Mwaka 2022 sheria ilibadilika, sasa jaji anaweza kukaa bila wazee kabisa akiona inafaa.

Mnauliza kama wakili mkali alitutikisa. Nitasema ukweli wangu. Alitutikisa mwanzoni. Siku ya kwanza unamwona kijana amevaa joho, anasema kwa nguvu, unasema huyu ana jambo. Siku ya tatu umemzoea. Lakini wakili aliyemkaripia bibi mzee kizimbani, huyo alijiharibia hapo hapo. Tulikuwa watatu, hatukuwa tumeongea kitu, lakini nikiwatazama wenzangu naona nyuso zimekunjika. Bibi hata angesema jambo lisilokaa sawa, tulikuwa tunamtafutia maana yake nzuri.

Na wakili aliyetusaidia zaidi ni yule aliyetupangia habari. Alianza alfajiri, akaja asubuhi, akaja mchana. Mashahidi wake walikuja kwa mpangilio huo. Wengine walikuwa wanaleta daktari kwanza, kisha mwenyekiti wa kitongoji, kisha mtu aliyesikia kelele, kisha polisi, na sisi tunabaki tunaunganisha vipande wenyewe kichwani, na mtu akiunganisha mwenyewe huunganisha anavyotaka.

MwishoWaReli

Mzee wangu umesema kitu ambacho wenzetu wamekifanyia majaribio! Pennington na Hastie, 1988, walichukua ushahidi wa kesi ya mauaji wakaupanga kwa namna mbili. Namna ya kwanza unafuata habari ilivyotokea, ya pili unafuata shahidi mmoja mmoja kama walivyokuja. Mashtaka wakiwa wamepanga kama hadithi na utetezi umepangwa shahidi kwa shahidi, asilimia 78 ya wasikilizaji walisema ana hatia. Ukigeuza, utetezi ndo wenye hadithi, ikashuka mpaka 31. Ushahidi ni ule ule jamani! Kutoka 78 mpaka 31 kwa mpangilio tu. Hakuna aliyepiga meza hapo.

Na lile la bibi kukaripiwa, O'Barr walilikuta pia. Wakili na shahidi wakiongea kwa pamoja wakili ndo anaonekana amepoteza usukani, na aking'ang'ania kumfunika shahidi anaonekana hamtendei haki. Lingine walilolipata, wakili akimwacha shahidi wake aeleze mwenyewe kwa urefu, wasikilizaji wanachukulia kwamba wakili anamwamini. Ukimkata kata kila sekunde unawaambia watu bila kujua kwamba hata wewe huna imani naye.

Msomi_wa_Gungu

Mzee shikamoo. Naomba nikuulize, ninyi wazee mlikuwa mnauliza maswali?

Mzee_wa_Bangwe

Marahaba mwanangu. Tulikuwa tunauliza, na wengine walipitiliza wakawa wanamdodosa shahidi kama wao ndio mawakili. Baadaye tulielezwa kwamba hiyo haifai, mzee ni wa kupata ufafanuzi tu.

Msomi_wa_Gungu

Ndo maana nimeuliza. Kuna kesi za mauaji Mahakama ya Rufani ilifuta mwenendo wake zikarudi kuanza upya kwa sababu wazee walimdodosa shahidi, au jaji hakuwafupishia sheria ipasavyo. Mtu amekaa mahabusu miaka, anaambiwa tunaanza moja.

kauzu_wa_mwanga

Sasa hapo ndo mnaniambia mfumo wetu bora kuliko wa juri?

Mnyamwezi_Original

Kauzu leo umeuliza swali la maana, andikeni tarehe.

Msomi_wa_Gungu

Sijasema bora. Jaji naye ni binadamu, anachoka, anakereka, anavutiwa. Hata sheria yetu inasema aliyemwona shahidi uso kwa uso ndo yuko nafasi nzuri kupima mwenendo wake kizimbani, na mwenendo huo ndo huo huo wa macho chini na "labda mheshimiwa" tuliousema. Ila Mahakama ya Rufani imesema mara nyingi kwamba ukweli wa shahidi unapimwa pia kwa jinsi maneno yake yanavyoshikana yenyewe kwa yenyewe na yanavyolingana na ushahidi mwingine. Hapo ndo mzee wa mchikichi angeponea, kama kovu la moto lingeandikwa na mahakama ikaenda kulitazama shambani.

Mnyamwezi_Original

Ngoja niwape na upande wa pili msije mkatoka hapa mkaenda kuwaambia mashahidi wenu wajiamini mpaka wapasuke. Kuna utafiti wa 2007, Tenney na wenzake. Shahidi anayejiamini anaaminika zaidi, sawa, tumekubaliana. Ila akishakamatwa amekosea jambo moja alilokuwa na uhakika nalo, anaporomoka vibaya kuliko yule aliyesema sina hakika na hilo. Yaani ukinyoosha kila kitu, kimoja kikipinda vyote vinapinda. Bora shahidi anayejua wapi anajua na wapi hajui.

Na wale wanaojifanya wasomi kizimbani, "kwa mujibu wa uelewa wangu mahsusi kuhusiana na tukio tajwa", aisee. Hata O'Barr alikuta mtu akipandisha lugha kupita kimo chake anaonekana wa hovyo kuliko angesema kawaida.

DagaaWaKibirizi

"tukio tajwa" 🤣🤣 huyo ni mjomba wangu kabisa, akiona mwenyekiti wa mtaa tu anaanza "kadhia husika"

BintiUjiji

Na mawakili wanaochomekea Kiingereza mbona hamuwasemi? Mteja amekaa pale hajui hata kama anatetewa au anauzwa.

Msomi_wa_Gungu

Tangu 2021 sheria imeshasema lugha ya mahakama ni Kiswahili dada, Kiingereza kinabaki kwa sababu maalum. Ila mazoea yana mizizi, sisi tulisomeshwa sheria kwa Kiingereza, neno likikukwama unarukia huko. Sitetei. Nimeona mawakili wazuri kabisa wa Kiingereza wakipwaya kwenye Kiswahili, na wengine waliokuwa wanaonekana wa kawaida wamechanua ghafla.

BintiUjiji

Hapo sawa.

kauzu_wa_mwanga

Na maswali ya mtego? Wakili anakuuliza mpaka unakubali kitu hukukiona.

MwishoWaReli

Lipo hilo kauzu na ni la kuogopesha. Elizabeth Loftus na Palmer 1974 waliwaonyesha wanafunzi video ya ajali ya magari halafu wakawauliza yalikuwa yanaenda kasi gani. Walichobadilisha ni kitenzi tu. Walioulizwa magari "yalipobamizana" walisema kama maili 40 kwa saa, walioulizwa "yalipogusana" kama 32. Jaribio la pili wakawaita baada ya wiki, mliona vioo vimevunjika? Vioo havikuwepo kabisa kwenye video. Kati ya 50 walioulizwa kwa neno la kubamizana 16 walisema waliviona, wale wa "yalipogongana" 7. Sasa fikiria kesi ya bodaboda na bajaji pale Mwanga, wakili anaanza "wakati bodaboda inamvamia mteja wangu kwa kasi..." na shahidi kichwa kinajaa vioo ambavyo havikuwepo. Ukiona wakili wa upande wa pili anaongea kwa upole sana ndo ukae macho, wale wanapanda neno moja moja.

Bi_Mkasulu

Jamani mimi msomaji tu siku zote ila leo naandika. Mama yangu ni shahidi kwenye shauri la ardhi, ni mtu wa kijijini Kasulu, Kiswahili anasikia lakini akiongea anakwama, Kiha ndo lugha yake. Akiongea Kiha ni mtu mwingine kabisa, anachambua mpaka unashangaa. Ndugu wanasema aongee Kiswahili hivyo hivyo ili asionekane mshamba. Nimesoma hapa mambo ya kukwama kwama nimeogopa. Tufanyeje?

Msomi_wa_Gungu

Dada, mama aongee Kiha. Mwambieni wakili wenu, au mwenyekiti wa baraza la ardhi moja kwa moja kama hamna wakili, kwamba anahitaji mkalimani, na muombe kabla ya siku ya kusikilizwa ili atafutwe mapema. Si ushamba hata kidogo.

Ila mkalimani naye ni wa kuangaliwa. Susan Berk-Seligson alifuatilia wakalimani wa Kihispania mahakamani Marekani, akakuta mkalimani akibakiza adabu ya shahidi kwenye tafsiri, wasikilizaji wanamwona shahidi mkweli na mwenye akili zaidi, akiiondoa, wanamshusha. Kwahiyo mkalimani anaweza kumpandisha au kumshusha mama bila mtu kujua. Wewe unayejua Kiha na Kiswahili kaa ndani usikilize. Mama akieleza dakika mbili mkalimani akatoa sentensi moja, mguse wakili wenu pale pale asimame aseme. Msisubiri mpaka mwisho. Wewe mwenyewe usipaze sauti kutoka kwenye benchi, utatolewa nje.

Mzee_wa_Bangwe

Na mwanangu, mwambie mama asijibu kabla mkalimani hajamaliza swali. Wengi wanaosikia Kiswahili hujibu mapema, mambo yanachanganyika, wazee na mwenyekiti hawajui waandike lipi.

MwishoWaReli

Na muombeni asomewe alichoandikiwa akimaliza. Kwenye kesi za jinai mahakama za chini ni haki kabisa ya shahidi, kwenye shauri lenu wakili aombe tu, hakuna ubaya.

Bi_Mkasulu

Asanteni sana. Nimeandika yote kwenye daftari. Lingine dogo, ndugu wanataka avae suti ya kushonesha.

BintiUjiji

Suti ya nini! Avae kile anachovaa akienda kanisani.

Bi_Mkasulu

Kitenge chake cha bluu basi. Nitamwambia.

DagaaWaKibirizi

Na simu azime, au mwachie wewe. Mama yangu iliita kaswida katikati ya hukumu.